Mwongozo Kamili: Kumtambua Nondo wa Msituni Moshi na Arusha, na Kulijua Eneo Lake la Asili

Picha moja ya nondo, yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo, imepigwa ukutani usiku kwa flashi, haina tarehe, haina mahali, na chini yake kuna swali: "Huyu ni nani, na anapatikana wapi?" Maombi mengi ya wasomaji wa Moshi na Arusha huja hivyo, na mengi hukwama hapohapo. Wengine hupewa jina na programu ya simu, wanalibandika, kisha wanaongeza kwamba nondo huyo "anapatikana Kilimanjaro pekee". Mara nyingi jina si lake na eneo si lake.

Shida si macho ya watu. Shida ni kwamba jina hutafutwa kwanza na ushahidi hufuata nyuma. Hapa tutakwenda kinyume: kwanza mwili, mahali na mmea, halafu jina, na mwisho kabisa eneo la asili.

## Vifaa vya kuandaa

- Shuka jeupe la pamba lisilo na maua, na kamba ya kulitundika.
- Taa. Balbu nyeupe ya kawaida inavuta nondo, lakini mwanga wa urujuanimno (UV), ambao kwa macho yetu huonekana kama zambarau hafifu, unavuta zaidi. Hata zile taa ndogo za kukagulia noti bandia madukani hutoa mwanga wa aina hiyo.
- Powabenki au betri, na tochi ya pili yenye mwanga hafifu.
- Simu yenye kamera, ikiwa imewashwa huduma ya mahali.
- Rula ya plastiki yenye milimita zinazosomeka.
- Daftari na penseli. Wino huyeyuka kwa umande.
- Bahasha za karatasi za kuwekea majani ya mmea.
- Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu, na mwenzako wa kufuatana naye.

Chupa ya sumu haimo kwenye orodha, na sitaiweka. Kwa mtu anayeanza, picha nzuri zinatosha kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na uombe ruhusa

Anza na bustani yako au kihamba cha nyumbani. Kihamba chenye miti kama mringaringa na msesewe, na migomba chini yake, kina nondo wengi kuliko watu wanavyodhani, na huhitaji barua ya mtu.

Ukitaka msitu wenyewe, kama Rau pale Moshi au msitu unaozunguka Ziwa Duluti, Tengeru, zungumza kwanza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ndani ya hifadhi za taifa mamlaka ni Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ukitaka kukusanya vielelezo au kufanya utafiti rasmi, unahitaji vibali kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Kijijini, mwenyekiti wa kitongoji ajue upo, maana taa inayowaka porini usiku huleta maswali.

Tahadhari: Hifadhi ya Taifa Arusha ina nyati na tembo. Usiku si pa kuingia bila askari wa hifadhi.

## Hatua ya 2: Wavute kwa taa

Tundika shuka, weka taa mbele yake kwa kimo cha kifua, na utandaze ncha ya shuka chini ili wanaoanguka uwaone. Chagua siku za giza la mwezi. Mwezi mpevu hushindana na taa yako, na usiku wenye mbalamwezi shuka hubaki karibu tupu. Usiku wenye joto, mawingu na hewa iliyotulia, mvua ikiwa imenyesha mchana, ndio bora. Kwa hiyo mwanzo wa vuli na mwanzo wa masika ni wakati wa neema.

Usifungashe saa tatu usiku. Kila aina ina saa zake, na nondo wengi wakubwa wa familia ya Saturniidae hufika usiku ukiwa umekwenda sana, hata baada ya saa sita.

Kama taa yako ni ya zambarau, usiitazame moja kwa moja, na watoto wasichezee karibu nayo. Ukimaliza, zima taa kabla ya kupambazuka na uwatikise taratibu waingie kwenye vichaka. Ukiwaacha shukani hadi alfajiri, ndege watawala wote, na kesho yake watakuwa wanakusubiri.

Umefaulu ikiwa: una nondo aliyetua na kutulia, mabawa yakionekana, bila wewe kumgusa.

## Hatua ya 3: Piga picha tano

Hapa ndipo maombi mengi huharibikia. Picha moja ya juu inaonyesha rangi, na rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Rangi hubadilika kwa flashi, kwa umri wa nondo na kwa magamba yaliyopukutika. Piga hizi:

1. Kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na mabawa, rula ikiwa imelazwa kando yake. Rula ikiwa karibu na simu kuliko nondo, kipimo kitadanganya.
2. Kutoka ubavuni, ili uonekane namna anavyoyashikilia mabawa: kama paa la nyumba, bapa, au yamesimama.
3. Kichwa na vipapasio kwa karibu. Kipepeo wa mchana ana kirungu kidogo kwenye ncha ya kipapasio. Nondo kwa kawaida hana: chake ni uzi mtupu, au kina matawi mithili ya unyoya. Dume mara nyingi ana matawi mapana kuliko jike, kwa sababu ndiye anayetafuta harufu ya jike gizani.
4. Bawa la nyuma. Nondo wengi hulifunika. Tumia ubua laini wa nyasi kulisogeza bawa la mbele kidogo. Usimbane kwa vidole, maana ule unga unaobaki mkononi ni magamba yake, na ndiyo yenye michoro unayoitafuta.
5. Upande wa chini. Akitua kwenye kioo cha dirisha, zunguka nje umpige. Hiyo ni bahati, usiiache ipite.

Usitumie kichujio chochote cha kurembesha picha. Usikate kingo mpaka umehifadhi picha ya asili.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyekuwepo anaweza kusoma urefu wa bawa kutoka kwenye rula na kusema vipapasio ni vya aina gani.

## Hatua ya 4: Andika mahali kwa usahihi

Eneo la asili la nondo linajengwa kwa rekodi moja moja. Rekodi mbovu ikiingia inaharibu ramani ya kila atakayekuja baadaye, kwa hiyo hapa nakuomba uwe na subira.

Andika jina la mahali kama wenyeji wanavyolisema, kata na wilaya, halafu latitudo na longitudo, halafu mwinuko kwa mita. Tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama ya kutoa. Moshi mjini ni takriban -3.35, 37.34. Ukiisahau hiyo alama, nondo wako anaruka hadi jirani na North Horr, kwenye jangwa la kaskazini mwa Kenya. Ukizigeuza namba mbili hizo, ukaanza na 37.34 kisha -3.35, ametua Hispania, karibu na mji wa Granada. Makosa yote mawili yapo kwenye hifadhidata za dunia, na ukishayajua utayatambua haraka: nukta moja pweke, mahali ambapo haina sababu ya kuwapo.

Tarakimu nne baada ya nukta hufikia usahihi wa mita kumi na kidogo. Tarakimu mbili ni kama kilomita moja. Kwenye tambarare kilomita moja haina neno. Mlimani kilomita moja inaweza kukutoa kwenye migomba ikakuingiza msituni.

Ndiyo maana mwinuko ni wa lazima huku kwetu. Ukitoka uwanda mkavu wa Kahe, ukapita ukanda wa kahawa na migomba, ukaingia msitu mnene unaoanzia karibu mita 1,800, umevuka nchi tatu za wadudu ndani ya safari ya gari moja. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, miti inabadilika, na nondo nao. Kuandika "Kilimanjaro" peke yake ni sawa na kutoandika.

Umefaulu ikiwa: ukizibandika namba zako kwenye ramani ya simu, alama inaangukia pale ulipotundika shuka.

## Hatua ya 5: Anza na familia, spishi iache kwanza

Programu za simu zimefundishwa kwa picha nyingi za Ulaya na Marekani, na chache za kwetu. Ukiziuliza spishi, yaani aina yenyewe hasa, zitakupa jirani wa mbali anayefanana. Ukiziuliza familia, yaani kundi kubwa la aina zenye undugu, mara nyingi zinakaribia. Lakini hata familia ithibitishe mwenyewe:

Saturniidae ni wakubwa, wenye manyoya mwilini, mara nyingi wana doa lililo kama jicho kwenye mabawa. Midomo yao imesinyaa: akishakuwa nondo kamili hali chochote, anaishi siku chache kwa akiba ya utoto wake.

Sphingidae wana mwili mnene uliochongoka kama risasi na mabawa membamba. Viwavi wao wengi wana pembe mkiani. Yule mkubwa wa kijani au kahawia anayekula majani ya viazi vitamu, Agrius convolvuli, ni wa humu.

Geometridae ni wembamba, mabawa mapana yamelazwa bapa ukutani. Viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kana kwamba wanapima shamba.

Noctuidae wana rangi ya udongo na umbo la wastani. Viwavijeshi ni watoto wa familia hii.

Erebidae ni mchanganyiko mkubwa na ndiyo inayoponza wengi. Nondo mpana wa kahawia mwenye mstari mweupe uliokatiza mabawa yote, na jicho kwenye kila bawa la mbele, anayeingia nyumbani na kujibana darini, huitwa Saturniidae kila mara kwa sababu ya yale macho. Tazama vipapasio: ni uzi mtupu, si vya matawi kama vya Saturniidae. Huyo ni Cyligramma latona, wa Erebidae, na amesambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Ukiishia kwenye familia, umefanya kazi ya maana. Naona heri familia iliyo sahihi kuliko spishi ya kubahatisha.

## Hatua ya 6: Linganisha, na utafute sababu za kukataa

Chukua mfano unaojirudia sana: nondo wa kijani kibichi mpauko, mwenye mikia mirefu. Programu inasema Actias luna. Msomaji anafurahi, jina ni zuri.

Sasa tulipime. Actias luna ni nondo wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Viwavi wake hula miti ya huko, kama mijozi na mibetula. Hakuna njia ya kawaida ya yeye kufika Kahe. Eneo peke yake limeshamkataa, na mwili unathibitisha: ukingo wa mbele wa bawa lake una mstari mwembamba wa rangi ya zambarau iliyoiva, na mkia wake si mrefu sana.

Wetu ni wa jenasi Argema (jenasi ni kundi dogo la spishi ndugu ndani ya familia). Argema mimosae ana mabawa ya mbele yenye upana wa sentimita 10 hadi 12 kutoka ncha hadi ncha, na mkia unaolivuta bawa la nyuma hadi karibu urefu huohuo au kuuzidi. Tazama ukingo wa mbele wa bawa: ni mnene, wa kijivu, una mikwaruzo kama gome la mti. Katikati ya mkia rangi inageuka kahawia nyekundu. Usikimbilie kumaliza hapo, kwa sababu ana ndugu. Argema mittrei ni mkubwa zaidi na wa manjano, lakini ni wa Madagaska peke yake, kwa hiyo anaondoka. Argema besanti ni wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki, na huyo huwezi kumwondoa kwa ramani tu. Lazima uweke picha zako kando ya picha za vielelezo vilivyohakikiwa, ulinganishe macho ya mabawani na urefu wa mkia.

Hiyo ndiyo njia ya kila nondo: andika majina matatu au manne yanayowezekana, kisha tafuta alama inayomkataa kila mmoja. Anayebaki ndiye. Wakibaki wawili, andika wawili.

Kuna makundi ambayo hakuna picha itakayoyatenganisha. Wataalamu hufungua viungo vya uzazi chini ya hadubini au kusoma vinasaba. Ukifika hapo, simama kwenye jenasi.

## Hatua ya 7: Mtafute kiwavi na mmea wake

Nondo aliyekuja kwenye taa anaweza kuwa ametoka mbali. Dume la Saturniidae hufuata harufu ya jike kwa umbali mrefu. Kiwavi hawezi. Ukimkuta kiwavi anakula jani, umethibitisha kwamba spishi inazaliana pale, na huo ni ushahidi mzito kuliko nondo kumi shukani.

Rudi mchana. Tafuta majani yaliyoliwa kingo, vinyesi vya punje punje chini ya tawi, na vifukofuko, yaani vifuko vya nyuzi ambamo kiwavi hugeuka nondo. Kifukofuko cha Argema mimosae kina rangi ya fedha na vitundu vidogo vidogo, na viwavi wake hula miti kama mng'ongo na mibambara, ambayo ni miti ya nchi kavu ya chini. Kwa hiyo mtu akisema amemwona katikati ya msitu wa mvua mlimani, si lazima awe anadanganya, ila rekodi hiyo inahitaji maelezo.

Piga picha ya kiwavi, ya jani pande zote mbili, ya gome, na ya ua au tunda kama lipo. Kata tawi dogo lenye majani na uliweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni utaliozesha. Usipoujua mti, Hebaria ya Taifa, ambako mimea iliyokaushwa huhifadhiwa kwa utambuzi, iko Ngaramtoni, Arusha, kwenye eneo la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Jina la Kichaga au la Kimeru ulilopewa na mzee wa hapo liandike pia, lakini lisiwe peke yake, kwani jina moja linaweza kubeba miti miwili tofauti.

Tahadhari: kiwavi mwenye nywele ndefu usimguse kwa mkono mtupu. Nywele za wengine huvunjikia kwenye ngozi na kuwasha vibaya, na zikiingia jichoni ni safari ya hospitali.

## Hatua ya 8: Lijue eneo lake la asili

Fungua Afromoths, orodha ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, uone nchi ambazo spishi imetajwa. Kisha fungua ramani ya GBIF (hifadhidata ya dunia ya rekodi za viumbe) au iNaturalist (tovuti ambako watu hupakia picha za viumbe ili zitambuliwe) uone nukta zenyewe. Usizisome kama mipaka ya wilaya. Zisome kwa maswali haya.

*Nukta imetokana na nini?* Kielelezo cha makumbusho au picha iliyohakikiwa ina uzito. Jina lililoandikwa bila picha lina uzito mdogo.

*Imeandikwa lini na kwa jina gani la mahali?* Kibandiko cha zamani kinachosema "Deutsch-Ostafrika" kinaweza kumaanisha Rwanda au Burundi ya leo, maana koloni hilo la Wajerumani lilizijumuisha. Kinachosema "Kilimandjaro" kinaweza kumaanisha kilele, msitu au uwanda wa chini. Nondo wengi wana majina ya kisayansi yaliyotokana na mlima huu kwa sababu ndiko walikopatikana mara ya kwanza. Hilo halimaanishi hawapatikani kwingine.

*"Tanzania" ni Tanzania ipi?* Spishi iliyorekodiwa Kigoma tu nayo itaandikwa "Tanzania". Huo si uthibitisho wa Moshi.

*Kwa nini hapa ni peupe?* Nukta hufuata barabara, hoteli na vyuo. Mahali peupe kwenye ramani mara nyingi ni mahali ambapo hakuna aliyetundika shuka. Kwa hiyo usiandike kamwe "hapatikani". Andika "hajarekodiwa".

Kisha tenga mambo matatu yanayochanganywa. Kuna eneo la asili, ambako spishi inazaliana bila kuletwa na mtu. Kuna anakopita: Agrius convolvuli ni msafiri mkubwa, huvuka bahari, na huonekana hata pasipo na makazi yake ya kudumu. Na kuna alikoletwa au kuvamia. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ni wa Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Leo amejaa kwenye mahindi yetu, anazaliana vizuri kabisa, na bado huku si eneo lake la asili.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema nondo wako yuko ndani ya eneo linalojulikana, pembezoni mwake, au nje kabisa. Akiwa nje, rudi hatua ya 6 kabla ya kushangilia. Uwezekano mkubwa ni kwamba jina ni baya.

## Hatua ya 9: Andika jibu lenye kiwango chake cha uhakika

Rekodi nzuri haifichi pengo. Huu ni mfano wa kubuni, utumie kama kiolezo:

*Jina:* Argema sp. (spishi haijathibitishwa), huenda A. mimosae, A. besanti hajaondolewa. *Jinsia:* dume, vipapasio vina matawi mapana. *Upana wa mabawa:* sentimita 11. *Mahali:* Kahe, wilaya ya Moshi, -3.50, 37.43, usahihi kilomita 1, mwinuko takriban mita 700. *Muda:* usiku, saa 6:40, mwezi mchanga, mvua mchana. *Namna:* taa na shuka jeupe. *Mmea:* mibambara ipo ndani ya mita 50, kiwavi hajaonekana. *Hali:* mtu mzima amerekodiwa, kuzaliana hakujathibitishwa. *Picha:* tano, za asili zimehifadhiwa.

Ipakie kwenye iNaturalist ikiwa na picha zote tano ndani ya rekodi moja. Wengi huzitawanya, kila picha na rekodi yake, na mtambuzi anabaki na bawa huku na kipapasio kule. Ukipendekezewa jina, uliza alama gani imemfanya mtu alichague, na usibonyeze kukubali mpaka umeiona alama hiyo kwenye picha yako mwenyewe. Kisha rudi Kahe mchana, kwenye ile mibambara, ukatafute kifukofuko.